Tulienda Kumuposea Onésime Masomo

Kwa Védaste, fundi wa mawe,
Goma, Kivu.
Tarehe 14 Julai 1957

Mupendwa Kaka Ntirenganya,

Yezu Kristu asifiwe. Mimi dada yako Pascasie ninakusalimu sana, wewe na wifi yangu Élisabeth, na watoto wadogo muliokwenda nao huko Katanga. Hamujambo wote? Kifua chako je? Katika barua ya Pasaka ulisema unakohoa asubuhi. Unakunywa maji ya moto na asali vile nilivyokuambia? Usinijibu ndiyo kama ni hapana, nakujua.

Sisi huku tungali hai, Mungu anatuchunga. Mama yetu Nyiramahirwe yuko palepale kilimani Masisi, goti linamusumbua, lakini bado anakama mwenyewe. Mutu akigusa kibuyu chake cha maziwa anagombezwa mpaka jirani wanasikia. Ile ng'ombe ya mabaka imezaa, ila ndama ni dume, na Mama amenuna kana kwamba ng'ombe alifanya kusudi.

Védaste mume wangu anajenga ukuta wa duka moja karibu na barabara ya Sake. Mimi na mashini yangu ya kushona tunapigana na vumbi. Mvua imekwisha, na hii vumbi ya mawe meusi inaingia hata katika sanduku lililofungwa.

Najua utasema nimezunguka sana. Ni kweli nimezunguka. Nilikuwa ninatafuta habari nyingine za kukuambia kwanza, na sasa zimekwisha.

Kaka, ninaona haya. Tangu juma lililopita ninapita njia ya nyuma nikienda Misa. Umeniachia mutoto wako mukubwa Onésime mikononi, nami nimemufedhehesha mbele ya watu, tena kwa vigelegele. Nitakueleza yote. Afadhali uisikie kwangu kuliko kwa wasafiri.

Unajua Onésime amemaliza ile miaka miwili ya kwanza kwa Mafurere, wale watawa wenye shule. Sasa kila mwanafunzi anapaswa kuchagua seksio yake, kwa maana ndiyo itamupeleka mpaka diplome, na akishaingia hakuna kurudi nyuma. Kuna seksio ya ualimu. Kuna ya ukarani, wale wa biro. Tena kuna ya kupima udongo na mipaka ya mashamba, ambayo inafundishwa Bukavu. Hiyo ni ya wale wanaojua hesabu sana, na kwa shule nzima walipewa nafasi mbili tu. Furere Direktere, mukubwa wa shule, alituma habari kwamba kila muzazi aje pamoja na mutoto wake, wakae, wazungumze, wamusaidie kuchagua. Ni hayo tu aliyoomba.

Onésime alikuwa ameshachagua. Aliniambia siku moja nikiwa ninashona, naye amenishikia upande wa pili wa kitambaa. «Masenge, mimi ninataka kupima.» Haniiti vingine, ni Masenge tu, vile watoto wetu wanavyoita dada ya baba, na akiita hivyo kwa sauti ya chini najua ni jambo kubwa. Nikamuuliza kwa nini kupima. Akasema: «Siku walipopima malisho ya babu, yule aliyeshika munyororo wa kupimia alijua kitu ambacho babu hakukijua. Mimi ninataka kukijua.»

Wewe unakumbuka siku ile, mulipotoka kuchunga mukakuta vijiti vimepigwa katikati ya malisho, nusu si yetu tena, na baba yetu amesimama hapo na fimbo yake hajui aseme nini. Tangu hapo mimi nikiona mupimaji moyo unanikimbia. Nikafikiri: mutoto wetu naye atakuwa mutu wa vijiti, na wazee watamulaani njiani? Lakini sikumwambia. Nilisema tu, shika kitambaa vizuri.

Akaniomba tena, kwa adabu zote: «Twende wawili tu, Masenge. Tumwambie Furere moja kwa moja, halafu turudi.» Mama wee! Hapo nilikasirika. Nikamwambia, tangu lini mutoto anamufundisha mukubwa namna ya kuomba? Kwetu mutu anakwenda kuomba kitu kikubwa mikono mitupu, anakitaja kwa kinywa chake mwenyewe kama mulevi anayedai kiti?

Ndipo nilipowaza akili yangu mbaya. Nilikumbuka namna tulivyokuposea Élisabeth. Muzee Habarurema ndiye alikuwa musemaji wetu, umesahau? Alisema asubuhi mpaka mbuzi wakarudi zizini. Alisema sisi ni wasafiri tuliopotea, tunaomba moto tu. Watu wa Élisabeth wakasema hawana binti, yule waliyekuwa naye wamemuoza mbali. Muzee akasema hata hivyo hatufai, ukoo wetu ni wa wavivu na muchumba ni bubu. Wote wakacheka, wakakusifu, na mwisho wakatoa binti. Basi nikasema moyoni: mutu aliyetupatia Élisabeth kwa watu wale wenye kiburi, atashindwa na seksio?

Nikaloweka mutama. Nikapika pombe mitungi miwili. Nikamutuma mutu amulete Muzee Habarurema kutoka Masisi, nikaalika wamama wa kwetu, kila mumoja na nguo yake ya sikukuu. Védaste alinitazama akasema: «Mama Pascasie, Furere si baba mukwe.» Nikamwambia aende kunyoa ndevu, tunachelewa.

Tulipofika mulangoni kwa shule, Kasoki alikuwa anatoka na mwana wake. Kasoki ni jirani yetu, anauza samaki wa chumvi wa Vitshumbi pale soko la Kituku, na kijana wake anasoma pamoja na Onésime. Hakukaa mule ndani hata muda wa kuchemsha chai. Akatazama mitungi, akatazama Muzee na fimbo yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema: «Ninyi watu wa Masisi! Mukitaka chumvi, munaomba majivu.» Nikamupita bila kumujibu, pua juu.

Furere Direktere ni kijana, amefika juzi kutoka Ubelgiji. Anasema Swahili safi ya kitabu, na kila neno anaamini ni vile lilivyo. Alitukaribisha, lakini viti vilikuwa havitoshi, tukakaa kwenye mabanki ya wanafunzi, magoti yamegusa kidevu. Akauliza mitungini kuna nini. Alipoambiwa, shingo yake ikawa nyekundu, akasema hapa ni shule, pombe haiingii. Mitungi ikabaki nje juani. Ilikuwa alama ya kwanza, nami sikuiona.

Muzee Habarurema akasimama. Akakohoa vizuri. Akasema: «Furere, sisi ni watu tuliopotea njia.» Furere akamuuliza kwa huruma, mulikuwa munakwenda wapi? Muzee akasema tunatafuta moto tu. Basi Furere akaenda dirishani, akatuonyesha nyumba ya jirani inayotoa moshi. Wamama wakacheka wakidhani naye anaijua desturi. Hata mimi nilicheka. Nilisema, kumbe muzungu huyu anajua kujibu!

Halafu Furere akasema alifikiri tumekuja kwa ajili ya Onésime. Muzee akapunga mukono. «Huyo? Huyo ni mupumbavu tu. Kichwa chake ni jiwe. Hata kumutaja mbele ya mutu mwenye elimu tunaona haya.» Unajua mwenyewe, Kaka, hapo ndipo mwenye nyumba anaruka juu, anasema hapana, muniambie mengine, mutoto huyu ni dhahabu! Tukangoja. Mikono yetu ilikuwa tayari kupiga makofi.

Furere hakuruka. Alimutazama Onésime, akatutazama sisi, akasema polepole kwamba point za kijana ni nzuri, tena katika hesabu yeye ni wa kwanza. Muzee akafurahi, akaona sasa mambo yanakwenda, akaongeza: «Hizo point ni huruma yako, Furere. Mutoto wa maskini atatoa wapi akili yake mwenyewe?» Kwetu hayo ni maneno matamu. Furere uso ukabadilika. Akauliza kama tunataka kusema kijana alinakili kazi za wenzake. Muzee akacheka, akasema: «Wewe ndiwe unajua yote.»

Onésime alikuwa amekaa mwisho wa banki. Mutoto hafungui kinywa wazee wakisema. Hivyo ndivyo tulivyomulea. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Sasa sikia haya yangu, Kaka, maana mpaka hapo ningeweza kusema ni kosa la Muzee. Furere aligeuka kwangu. Akasema: «Mama, wewe ndiwe umemulea. Ni kweli hayo?» Aliniuliza mimi mwenyewe, mbele ya wote. Nilikuwa na nafasi. Nilijua mutoto ni wa kwanza, ninajua hesabu zangu zote za kitambaa ananifanyia kichwani kabla sijashika mukasi. Lakini wamama walikuwa wananitazama, nami niliogopa kuonekana ninajisifia damu yangu. Na nitakuambia yote: chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine. Nilikumbuka vile vijiti vya Masisi. Nikasema moyoni, labda ni heri asipate. Nikainamisha kichwa, nikajibu: «Muzee amesema.»

Basi Furere akasema ameelewa. Akasema kupima udongo kunataka mutu wa hesabu na wa kuaminika, lakini asihuzunike, kuna ekole ya ufundi, atajifunza kujenga. Muzee Habarurema akaona hiyo ni ile «hapana» ya kwanza, ile ya heshima, inayokuja mbele ya ndiyo. Akapiga makofi. Akasema: «Tumepewa!»

Na sisi wamama tukapiga vigelegele. Kaka, tulipiga vigelegele. Mutoto wako anahukumiwa kuwa mwizi na mujinga, na shangazi yake anapiga vigelegele, ulimi unaruka mudomoni. Kila nikikumbuka ninafunika uso kwa kitenge, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Njiani kurudi ndipo nilipofahamu, kwa sababu Védaste aliniambia waziwazi. Yeye hakukasirika kwa kelele. Alisema tu: «Kumbe kazi yangu ndiyo azabu wanayopewa wezi.» Na mikono yake ile yenye sugu ndiyo imenilisha miaka yote. Nikawa na haya mbili.

Onésime alikuwa ametangulia. Nilimukimbilia juu ya yale mawe mpaka nikavunja kiatu. Nilipomufikia, akaniuliza bila kunitazama: «Masenge, ni kweli?» Nikasema kweli nini, mwanangu, ile ni desturi tu, ni namna ya kuomba. Akasema: «Lakini nyumbani pia munasema vile vile.»

Na kweli ndivyo ilivyo. Mugeni akimusifu, mimi ninasema aa, huyo, achana naye. Akileta buletini nzuri ya shule ninamwambia aende kuteka maji. Ninamuita kichwa cha kondoo, na ninamuita hivyo kwa mapenzi, haki ya Mungu! Sisi hatusifu watoto wetu, tunaogopa jicho la watu, tunaogopa majivuno. Wazazi wetu walitufanyia hivyo, nasi tulijua maana yake. Nilifikiri naye anajua. Yeye alikuwa anasikia maneno tu, kama Furere.

Jumanne nilirudi shuleni peke yangu. Sikubeba kitu. Nilivaa nguo ya kazi, na sindano zimo kifuani. Njia nzima nilikuwa ninajifundisha maneno, na nilipofika mbele ya Furere, kinywa kikaanza chenyewe: «Furere, sisi ni watu tu...» Nikakifunga. Nikavuta pumzi. Nikasema: «Mutoto ana akili. Hakunakili kwa mutu. Hesabu ananishinda mimi, anamushinda Muzee, na wewe mwenyewe ukisinzia atakushinda. Anataka kupima. Nimemaliza.» Jasho lilikuwa linanitoka kama nimebeba jiwe.

Akaniuliza kwa nini basi tulisema yale ya siku ile. Nikamueleza desturi, mpaka ile ya moto na jirani mwenye moshi. Alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akaacha kucheka, akasema nafasi moja ameshamupa mwana wa Kasoki, ambaye naye ni kijana mwema wa hesabu. Iliyobaki ataiweka mpaka mwisho wa mwezi huu. Lakini amesikia maneno mawili kwa jamaa moja na hajui aamini lipi. Anataka ama Onésime aje mwenyewe aseme kwa kinywa chake, ama baba yake aandike. Kwa hiyo sikuweza kumulaumu.

Nikakimbia nyumbani na furaha. Onésime alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Wacha tu, Masenge. Nitajenga.» Nimemubembeleza, nimemugombeza, Védaste naye amesema. Hapana. Anaamka mapema anakwenda kubebea Védaste mawe. Védaste anasema juzi kijana alisimama mbali, akasema ukuta umeinama, na kamba ilipowekwa ilikuwa kweli. Lakini kwa Furere hataki kwenda. Si hasira, ingekuwa hasira ningeijua dawa yake. Ameamini. Ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa, Kaka, ninakuomba. Muficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Muandikie Furere Direktere upesi, kwa barua ya ndege. Usimusalimie sana. Usimuulize habari za wazazi wake. Usiseme kwamba wewe si kitu na mutoto wako si kitu, utatumaliza! Andika: mwanangu anajua hesabu, ninataka apime udongo. Halafu weka jina lako.

Na kama hutaki apime, kwa sababu ya vijiti vile, sema pia waziwazi. Wewe ni baba, nitakubali. Lakini usiifiche hofu yako nyuma ya wazee vile nilivyofanya mimi. Nimefikiri sana kwenye mashini yangu. Vijiti vile vitapigwa, tukipenda tusipende. Ni heri mumoja wetu ajue vinapopita.

Halafu muandikie mutoto mwenyewe. Hiyo iwe ndefu. Mwambie yale ambayo sisi hatuna mazoea ya kusema. Najua itakuwa ngumu, hata wewe hukuwahi kuambiwa. Anza tu.

Muzee Habarurema amerudi Masisi na pombe yote ameimaliza njiani na wenzake. Kila kilima anachopita anatangaza kwamba alitupatia seksio kwa muzungu, na anauliza kuku wake wa shukrani atafika lini. Sina nguvu ya kumwambia. Mama naye amesikia, ametuma salamu za pongezi. Ole wangu.

Védaste anakusalimu, anasema umutumie habari kama huko fundi wa mawe anaheshimiwa. Mama anakubariki wewe na wote wa nyumba yako. Hata Kasoki anakusalimu, ingawa akiniona pale Kituku bado ananiuliza kama leo nimekuja kutafuta moto. Mukumbatie Élisabeth, uwabusu watoto, na uwaambie wana akili, wote, hata yule anayekojoa kitandani.

Bikira Maria awafunike, awape afya katika kazi na amani katika nyumba, na siku moja atukutanishe tukiwa tungali tunajuana sura.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukuomba radhi,

Pascasie Mukamugema

Nimesahau jambo. Barua hii Onésime ndiye ataipeleka posta kesho asubuhi. Bahasha sikuifunga. Nitamwambia gamu imekauka, ailambe yeye njiani. Yeye si mutu wa kusoma barua za wakubwa, lakini iliyo wazi mukononi, na jina lake liko ndani, nani asingetupa jicho? Ikikufikia imefungwa vizuri, ujue imepita kwake.

Onésime, mwanangu, kama umefika hapa: una akili. Nilijua siku zote. Sikukutetea mbele ya Furere kwa sababu nilikuwa muoga, na ilikuwa kosa langu, si lako. Sasa funga bahasha, geuka nyuma, uende kwanza kwa Furere. Posta itangoja.